Kaburi la Ghorofa

Wiki iliyopita niliwaacha ofisini kwa mchungaji, bahasha ya marehemu mume wangu imefunguliwa mezani. Wengi mmeuliza ndani kulikuwa na nini. Leo nawaambia. Ila nikimaliza msinionee huruma yote, maana sehemu ya makaa haya nilijipalia mwenyewe.

Kwa ambaye ndiyo kwanza analishika gazeti hili: mume wangu alikuwa mzee wa kanisa na mwalimu wa darasa la ubatizo. Alifariki Jumatatu asubuhi akifunga kamba za viatu. Tulikaa pamoja miaka ishirini na sita, na hatukujaliwa mtoto.

Mimi kazi yangu ni kushona bitana za majeneza kwenye karakana ya seremala mmoja, nyuma ya soko. Satini ya kuta, marinda ya pembeni, na ule mto mdogo wa kichwani. Usikunje uso, ni kazi kama kazi nyingine, na wateja wangu hawajawahi kurudi kulalamika.

Kanisani kwetu kuna utaratibu. Mshirika akivuka miaka hamsini anajaza fomu ya maziko. Anaandika uimbwe wimbo gani, asome nani, azikwe wapi. Fomu inafungwa kwenye bahasha, mchungaji anaitia kabatini, na inafunguliwa mbele ya familia siku mwenyewe akifa.

Mimi na mume wangu tulijaza zetu siku moja, meza moja, nami nikichungulia yake kama mwanafunzi asiyesoma. Aliandika tuzikwe pamoja.

Na pamoja maana yake pamoja kweli. Makaburi ya kanisa yamejaa, kwa hiyo mke na mume hupewa kaburi moja lenye kina cha watu wawili. Anayetangulia analazwa chini kabisa, anayefuata analazwa juu yake. Watu wanaliita kaburi la ghorofa. Mume wangu alikuwa akinitania kwamba nikitangulia mimi, atakuja kunikoromea juu ya kichwa mpaka parapanda ilie. Nami nilikuwa nikimjibu kwamba hata huko nitampiga kiwiko.

Sasa rudini ofisini. Mchungaji alivaa miwani, akasoma: "Mwili wangu usizikwe. Uchomwe, kwa heshima na sala."

Akaikunja ile karatasi haraka.

Nilidhani amekosea bahasha. Huyu ndiye mtu aliyegoma kwenda kwenye ibada ya mwalimu mkuu mstaafu kwa sababu tu watoto wake waliamua kumchoma. Huyu ndiye aliyewafundisha wanafunzi wake kwamba mwili ni hekalu, na hekalu halitiwi kiberiti. Niliomba nioneshwe. Mchungaji akaniinulia ile karatasi mbali kidogo, imekunjwa chini ya sahihi na kidole gumba kikiwa juu ya mkunjo. Mwandiko ulikuwa wa mume wangu. Tarehe ilikuwa ya miaka minne iliyopita.

Kwa hiyo aliibadilisha. Alirudi peke yake, akakaa kwenye ile ile meza, akafuta kulala na mimi. Halafu akaja nyumbani, akala, akanisalimia, na kwa miaka minne hakusema neno.

Nitawaambia ukweli: kifo chake kiliniliza, lakini ile tarehe ilinikata.

Mama mkwe wangu ndiye aliyenishika mkono. Ni mwanamke mwembamba, mpole, ambaye katika miaka yote ile hajawahi kuniita mkwe. Ananiita mwanangu. Akamwambia mchungaji kwamba yeye hajamzaa mtu ili awe kuni. Akataja Ibrahimu alivyotafuta pango akamzika mkewe Sara, na mwishowe akalazwa papo hapo. Akataja Yusufu, aliyewaapisha ndugu zake wasiiache mifupa yake ugenini. Hata Bwana wetu mwenyewe, akasema, alizikwa.

Mchungaji alimjibu taratibu, kama mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki. Kanisa letu linapenda kuzika, alisema, lakini halijamfungia mtu mbingu kwa sababu ya moto. Mfalme Sauli alichomwa na watu waliompenda, kisha wakaizika mifupa yake kwa kufunga na kuomboleza. Na waumini waliochomwa wakiwa hai kwa ajili ya imani, je, hao Mungu amepoteza orodha yao? Aliyetuumba kwa mavumbi hatashindwa na majivu.

Yalikuwa maneno mazuri. Nilimchukia kwa ajili ya hayo maneno. Nilimwona kijana wa vitabu, amekuja juzi, miaka mitano tu kanisani kwetu, anataka kumfanyia majaribio mume wangu.

Lakini utaratibu wetu una kifungu kimoja. Mjane na mama wa marehemu wakiwa na kauli moja, fomu inawekwa pembeni. Mchungaji alikisema mwenyewe, tena bila kupenda. Alituomba tukafikirie mpaka kesho yake, tukaseme mbele ya washirika kwenye ibada ya maombolezo.

Na hapa ndipo ninapoungama.

Kesho yake nilisimama mbele ya kanisa zima nimeshikana mkono na mama mkwe, nikasema uongo. Nilisema kwamba usiku wa kuamkia kifo chake, mume wangu aliniambia amejuta kuandika ile fomu. Nilisema aliniomba nimzike kwenye kaburi letu. Nikaapa kwa jina la Mungu. Ukweli ni kwamba usiku ule aliniuliza soksi zake nyeusi ziko wapi, na hilo ndilo neno la mwisho aliloniambia la maana.

Watu waliitikia amina. Wengine walilia. Mama mkwe akanibana mkono, akaninong'oneza, "Umefanya vyema, mwanangu. Mungu amekuona."

Nilirudi karakanani nikashona bitana ya mume wangu kwa mkono wangu, satini ya rangi ya maziwa, marinda mawili mawili. Seremala aliniambia nikapumzike, atamtafuta mtu mwingine. Nilimwuliza mtu gani mwingine anayejua kwamba mume wangu hapendi kitambaa kinachogusa masikio.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku ya kuzika, saa nane mchana. Asubuhi nilikwenda makaburini nikaone kazi imefikia wapi. Nyie mngekaa nyumbani mkangoja kuitwa. Mimi mtu wa majeneza, siwezi. Nimeona maziko yakikwama kwa sababu shimo limepungua urefu wa kiganja.

Mchimbaji wetu anaitwa Futi Sita. Jina lake halisi nadhani hata yeye amelisahau. Nilimkuta nje ya shimo, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, anafuta jembe kwa nyasi kama mtu aliyekwisha kumaliza. Nikachungulia.

Shimo lilikuwa la kunifika kifuani tu.

Nikamwambia kwa upole kwamba hajafika hata nusu. Hili ni la ghorofa, na huyu ndiye wa kwanza, anatakiwa kwenda chini kabisa ili siku yangu ikifika nami nipate nafasi. Futi Sita akaniangalia kwa mshangao wa heshima, akijua mfiwa husahau mambo.

"Mama, nikizidisha hapo nitagonga kifuniko."

"Kifuniko cha nini?"

"Cha aliye chini."

Nilimwambia amekosea kaburi. Akasimama, akanionesha namba kwenye kijiwe cha pembeni. Ilikuwa namba yetu. Naijua kama ninavyojua siku yangu ya kuzaliwa.

Ndipo Futi Sita akatambua kwamba mimi sijui, na uso wake ukaanza kutafuta mahali pa kujificha. Nikamwambia asidhani ataondoka pale kabla hajasema. Akasema. Miaka minne iliyopita walikuja watu watatu tu na jeneza moja: mume wangu, mama mkwe wangu na mchungaji. Ilikuwa siku ya kazi, asubuhi. Marehemu alikuwa mwanamke. Mume wangu aliomba kifuniko kifunguliwe amwone mara ya mwisho, na alilia mpaka Futi Sita akaenda kusimama mbali.

"Nilidhani ni dada yake, mama. Lilikuwa jeneza zuri. Ndani mmezungusha zambarau. Na mto ulibonyea laini, wa pamba, si ule wa takataka za randa. Nikasema moyoni, huyu ana watu wanaompenda."

Nilikaa chini kwenye udongo wake.

Wasomaji wangu, mito yote ninayoshona naijaza takataka za randa zinazobaki mbao zikilainishwa. Ndivyo kazi yetu ilivyo, aliyelala hajali. Katika maisha yangu nimejaza pamba mara moja tu. Mume wangu alikuja karakanani akaniambia kuna mwanamke maskini amefia hospitali, hana ndugu, kanisa linamsitiri. Akaniomba nimpe bitana nzuri, na mto laini, kwa sababu ameugua sana. Nilimsifu kwa huruma yake. Nilichana mto wetu wa kitandani, nikachukua pamba.

Nilimshonea mke mwenzangu mto, kwa pamba ya kitanda changu, na nikaimba nikishona.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi cha kwangu nilikuwa nakifulia na kukipigia pasi.

Nilitembea mpaka kanisani sijui kwa njia gani. Ofisini nilimkuta mchungaji na mama mkwe wanapanga wasifu wa marehemu utakaosomwa mchana. Mama mkwe alikuwa na kikombe cha chai mkononi. Aliona udongo kwenye gauni langu, akakiweka kikombe chini.

Sikumsalimu mtu. Nilimwomba mchungaji afungue daftari la maziko, ukurasa wa miaka minne iliyopita. Hakuuliza kwa nini. Alilifungua mahali penyewe moja kwa moja, jambo ambalo lilinitosha kuwa jibu. Namba ya kaburi, yetu. Tarehe, siku sita kabla ya ile iliyoandikwa kwenye fomu ya mume wangu. Kwenye safu ya uhusiano na mwenye kaburi, neno moja: mke. Chini yake sahihi ya mchungaji.

Nilimwuliza alipataje usingizi.

Alisema hakupata. Kisha akatoa ile fomu kabatini, akainyoosha mezani, na safari hii akaondoa kidole gumba. Chini ya sahihi kulikuwa na mistari mitatu ambayo hakuisoma mbele ya familia. Mume wangu aliandika kwamba kaburi lake halifai tena kwa mke wake, kwa kosa lake mwenyewe. Kwa hiyo achomwe, na majivu yake yahifadhiwe kanisani, bila kelele, mpaka siku mkewe atakapofariki. Siku hiyo yawekwe ndani ya jeneza la mkewe, mkewe akiachiwa upande wa kushoto anakolala siku zote, wazikwe popote pale mradi pamoja.

Upande wa kushoto ni wangu. Mimi ndiye ninayelala kushoto, na kila mtu aliyetuwekea kitanda ugenini anajua.

"Kwa nini hukuisoma?" nilimwuliza.

"Kwa sababu mngeuliza kaburi lenu limefanya nini," alisema. "Na nilikuwa nimemwahidi nitanyamaza."

Kumbe wote walikuwa na lao. Mchungaji, pamoja na hoja zake za waumini waliochomwa, alikuwa analinda siri. Mume wangu aliyehubiri dhidi ya moto aliuchagua moto ili asilale na yule, anisubiri mimi. Na mimi, kwa uongo niliouapia mbele ya watu, nilikuwa nimempangia mume wangu kulazwa juu ya mwanamke mwingine hadi siku ya ufufuo, kwa bitana niliyoshona mwenyewe.

Akabaki mmoja. Nikamgeukia mama mkwe.

Hakukana kitu. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyemwuguza yule mwanamke, kwenye chumba walichompangia upande wa pili wa mji, miezi kumi na moja. Alimwogesha. Alimlisha kwa kijiko. Siku ya mwisho yule mgonjwa alimwomba jambo moja, asilale peke yake, na mama mkwe akamwahidi kwamba mwanawe atamfuata pale pale. Alipoisikia ile fomu ofisini, aliona ahadi yake inateketea. Alihitaji kauli ya mjane. Kwa hiyo alinishika mkono.

Kumbe alipotaja pango la Ibrahimu, Sara aliyekuwa akimfikiria hakuwa mimi.

Ningeweza kulia, lakini hasira ilifika kwanza. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, nami nilikuwa nimepanda mbele ya kanisa zima. Nikasema nitashuka hivyo hivyo, nikichubuka. Nitasimama saa nane nikiri kwamba nilidanganya, kwamba usiku ule mume wangu aliuliza soksi tu. Waniondoe kwenye kwaya, wanifute kwenye kamati ya akina mama, wanicheke sokoni mpaka wachoke. Kauli yangu naiondoa. Mjane amekataa. Mume wangu achomwe kama alivyoandika, na majivu yake yanisubiri.

Mchungaji alipumua. Niliona anafurahi, na anaogopa kufurahi. Alisema kama mjane amebadili kauli, basi fomu inasimama, na yeye atayatangaza mwenyewe ili nisiaibike peke yangu.

"Na hilo neno ulifute," nilimwambia, nikiweka kidole kwenye daftari. "Hawara haandikwi mke kwenye kitabu cha kanisa."

Mchungaji hakuchukua kalamu.

Mama mkwe ndiye aliyesema, na sauti yake ilikuwa ile ile ya siku zote, ya kuniuliza kama nimekula.

"Walifunga ndoa madhabahuni, mwanangu. Mimi nilikuwepo, niliwapikia. Ilikuwa miaka mitatu kabla yako. Yule mwanamke akamkimbia, kijana wangu akaona aibu, akahamia huku akasema hajawahi kuoa. Mimi nikanyamaza. Halafu yule mwanamke alirudi, mgonjwa. Hakukuwa na talaka. Hakuna aliyewahi kuiomba."

Nilimwangalia mchungaji, nikitaka anicheke, aniambie bibi huyu amezeeka. Alikuwa anaangalia daftari.

"Cheti chao ninacho," alisema. "Aliniletea mumeo mwenyewe siku ya kumzika yule. Nilitakiwa kukifikisha kwenye baraza la wazee. Sikukifikisha."

Mama mkwe alinyoosha mkono kunishika, kama alivyozoea, na mimi kwa mazoea yale yale nikamwachia.

"Kwa hiyo hiyo kauli ya mjane," aliniambia, "mimi sijui kama unayo. Ukinyamaza, hakuna atakayeuliza."

Saa ya ukutani ilikuwa imefika saa tano. Nje watu wa kwaya walikuwa wameanza kuwasili, nikawasikia wakiulizana kama mjane ameshafika. Mchungaji alinisubiri niseme azikwe au achomwe, mama mkwe alinisubiri ninyamaze, na mimi nilikuwa nahesabu miaka ishirini na sita niliyoishi na mume wa mtu.